Godzilla ya 1954 au Minus One ya 2023: kama una usiku mmoja tu, cheki ipi?

Wiki mbili hizi nimecheki muvi mbili za yule mnyama wa Kijapani, ya kwanza kabisa ya mwaka 1954 na ile ya 2023 inayoitwa Godzilla Minus One, na tangu nimalize watu wangu wa karibu wananiuliza swali hilo hilo, sasa mi nianze na ipi, bando lenyewe ndo hivo linaisha. Kila nikijibu kwa kifupi naona nimewapunja, kwa hiyo naandika yote hapa.

Kwanza tuelewane. Wengi wetu Godzilla tunayemjua ni wa Marekani, yule wa kupigana na Kong, maghorofa yanashuka, watu wapo wapo tu wanakimbia, na ikiisha hukumbuki jina la binadamu hata mmoja. Sizisemi vibaya, ile ya 2024 nimeicheki mara mbili na niliifurahia. Lakini hizi mbili ni kitu kingine kabisa. Mnyama anaonekana kwa nadra, watu ndo wamejaa, na hakuna mnyama wa pili wa kupigana naye hata kwa dakika moja. Ukienda na kiu ya ngumi utachukia, nakwambia mapema.

Tuanze na ya zamani. Ilitoka Japani tarehe 3 Novemba 1954, ni nyeusi na nyeupe, dakika 96, dairekta Ishirō Honda, kampuni ya Toho. Kuna kitu usipokijua utaona ni muvi ya mjusi mkubwa tu. Miezi nane kabla, tarehe 1 Machi mwaka huo huo, Marekani walilipua bomu la haidrojeni kule Bikini kwenye bahari ya Pasifiki, na likatoka kubwa kuliko hesabu zao, walitegemea kama megatani 6 likafika 15, yaani kama mara elfu moja ya lile la Hiroshima. Nje ya eneo lililokatazwa kulikuwa na boti ya wavuvi wa jodari, Daigo Fukuryū Maru, watu 23. Wakaona mwanga upande wa magharibi, baadaye majivu meupe yakaanza kuwadondokea kama unga, na wao wako kazini wanavuta mishipi yao. Walirudi bandari ya Yaizu ngozi zimebabuka na nywele zinanyonyoka, na mtu wao wa redio, Aikichi Kuboyama, akafariki tarehe 23 Septemba. Muvi ikaingia kumbi wiki sita baada ya kifo chake. Sasa angalia inavyoanza: meli iko baharini, mabaharia wamejipumzisha juu ya deki, mmoja anapiga gitaa, ghafla mwanga unawaka majini, moto, na mtu wa redio anagonga kuomba msaada mpaka maji yanamfikia. Mjapani aliyekaa ukumbini siku ile hakuhitaji kuelezwa hiyo ni habari ya nani.

Mi niliicheki na mzee wangu. Baba amevua miaka mingi pwani ya Tanga, upande wa Kigombe, sasa hivi miguu haimruhusu anakaa na sisi, na kwa kuwa maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza nilikuwa namtafsiria. Kuna sini fupi sana watu wako kwenye treni, mwanamke analalamika kwamba mara jodari wenye sumu, mara mvua ya mionzi, na sasa tena huyu Godzilla, halafu anasema alinusurika bomu la Nagasaki. Ni sekunde chache tu, ukiinama kuangalia simu imekupita. Baba akaniambia simamisha. Akauliza, "Wale samaki wa ile boti ya kweli, waliuzwa?" Nikamwambia baadhi walishafika sokoni kabla watu hawajajua. Akakaa kimya muda, af akasema, "Sisi baruti ya chupa tu imetumalizia matumbawe." Mtu aliyekulia pwani ya Tanga anajua anachosema, mabomu ya kuvulia yamepiga miamba ile miaka na miaka. Nimesoma mengi kuhusu hii muvi ila hakuna aliyeniingizia kichwani kama mzee alivyoniingizia pale kwenye kochi.

Sasa Minus One. Imetoka Japani tarehe ile ile 3 Novemba, mwaka 2023, dakika 125, dairekta Takashi Yamazaki ambaye ndo kaandika stori na ndo kasimamia efekti mwenyewe. Huyu kairudisha stori nyuma zaidi ya ile ya kwanza, mwaka 1945 vita inaisha. Rubani kijana, Shikishima, ni wa kikosi cha kujitoa mhanga, yaani anapanda ndege akijua hatarudi. Yeye anatua kwenye kisiwa kidogo anasingizia ndege mbovu. Usiku ule mnyama anatokea, bado mdogo kiasi, fundi mkuu anamwambia nenda kwenye ndege ukampige risasi, Shikishima anaingia, anakaa, mkono unagoma. Asubuhi watu karibu wote pale wamekufa. Anarudi Tokyo nyumba yao majivu, wazazi wamekufa, na jirani mwanamke anamvaa usoni, kwa nini umerudi hai wewe wakati ungefanya kazi yako wanangu wangekuwepo. Sini ile mi ilinikaa tumboni kuliko mnyama. Hapo katikati anaangukiwa na binti mmoja, Noriko, amebeba kitoto cha kike si chake, alikabidhiwa na mama anayekufa, na wanaanza kuishi watatu kwenye banda la mabati na mbao kama familia ambayo hakuna aliyeitangaza. Jina lenyewe la muvi maana yake ni kwamba nchi ilikuwa imeshafika sifuri, mnyama anakuja kuishusha chini ya sifuri.

Sasa kwenye kuzilinganisha, watu wengi wanakimbilia efekti. Haya tuongee efekti, japo mi kwangu sio ndo kipimo. Ya 1954 ni mtu ndani ya vazi. Anaitwa Haruo Nakajima, vazi lilikaribia kilo 100, joto la taa za studio, anatembea juu ya mji wa Tokyo uliojengwa mdogo mdogo, na fundi wa yote hayo ni Eiji Tsuburaya. Ndege zinazomshambulia unaziona kabisa ni za kuning'inizwa, siwezi kukudanganya. Lakini weusi wa picha unaficha mengi, usiku wa Tokyo unavyowaka na yule kiumbe anapita kama kivuli tu nyuma ya moshi, taratibu, hana haraka, mi naona inatisha kuliko mnyama wa kompyuta anayeonyeshwa mpaka kucha. Ila pia kuna kitu Minus One imefanya ambacho sijawahi kuona: maji. Kuna mfukuzano wa baharini, boti ndogo ya mbao na kichwa kile kinakuja nyuma yake kinapasua mawimbi, mchana kweupe, na bahari ni bahari kweli, ina uzito. Timu nzima ya efekti ilikuwa watu 35, shoti 610 za efekti, na bajeti inatajwa kuwa chini ya dola milioni 15, hela ambayo Hollywood kwa muvi ya aina hii hata mguu wa mnyama hawatengenezi. Machi 2024 wakabeba Oscar ya efekti, ya kwanza kwa muvi yoyote ya Godzilla ndani ya miaka 70, na Yamazaki akawa dairekta wa kwanza kushika tuzo ile tangu Stanley Kubrick. Kwa hiyo kama una skrini kubwa na saundi nzuri na unataka kushangaa, hapa hakuna mjadala, cheki mpya.

Saundi hapo hapo nimalizie. Ule mlio unaoujua, ule wa kuchanika, alioubuni ni Akira Ifukube aliyetunga muziki wa ile ya kwanza, walichukua glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wakaisugua kwenye nyuzi zilizolegezwa za fidla kubwa la besi. Mpya imeuheshimu ule mlio, na muziki wake Ifukube wanaupiga pale Ginza, mtaa wa katikati ya Tokyo, mnyama anapoingia mjini, nywele zilinisimama kwa sababu nilikuwa nimeshaicheki ya zamani. Asiyeicheki atasikia muziki mzuri tu atapita. Hii weka akilini, ntairudia.

Sasa jambo lenyewe, na hapa nagusa mwisho wa zote mbili, asiyetaka kujua aruke aya mbili.

Sisi tuliokulia vibanda umiza tuna sheria moja, steringi hafi. Ukimjua steringi umetulia, risasi zitampitia pembeni. Hizi muvi mbili zinaishika sheria hiyo na kuigeuza, kila moja kwa upande wake, na hapo ndo utamu wa kuzicheki zote. Kwenye ya 1954 kuna mwanasayansi, Serizawa, ana kovu na jicho moja limefunikwa, amegundua kitu kinachoua oksijeni majini, anamwonyesha Emiko, binti wa profesa, kwenye tangi la samaki na samaki wanabaki mifupa. Kitu hicho kinaweza kumuua mnyama. Lakini yeye anajua wakubwa wakishakiona watataka kukitumia kama silaha, kama walivyofanya bomu, kwa hiyo kakificha. Muvi nzima inasimama juu ya kichwa cha yule mtu: watu wanakufa na dawa unayo, ukiitoa umefungua kifo kingine kikubwa zaidi. Anayemlainisha ni televisheni, anaona wasichana wa shule wanaimba kuomba amani, mji umebomoka. Anachoma karatasi zake zote, anazama nayo mwenyewe, anakata kamba na harudi juu, kwa sababu alichokijua kilikuwa kimebaki kwenye kichwa chake tu na kichwa hicho kisipokuwepo hakuna wa kukilazimisha. Baba aliuliza, "Na samaki wengine wa ghuba nzima?" Walikufa wote. Mnyama anapokata roho kule chini hausherehekei. Mi nilimwonea huruma kabisa, na yeye alikuwa amelala zake tu chini ya bahari, mabomu ndo yaliyomwamsha.

Minus One inajibu kinyume. Shikishima amekula kiapo moyoni kwamba safari hii hatakimbia, anatengenezewa ndege ya majaribio, Shinden, imejazwa mabomu puani, na wewe ukumbini umeshakubali kwamba huyu anakwenda kufa. Wanaopanga kumzamisha mnyama ni raia, mabaharia wa zamani wa vita, serikali haionekani na Wamarekani wanaogopa kuwachokoza Warusi, na usiku wa kuamkia kazi mhandisi mmoja wao, Noda, anawaambia nchi yetu imezifanya roho za watu kuwa rahisi mno, vifaru vyembamba, askari wamekufa kwa njaa na magonjwa, ndege hazina hata kiti cha kumtoa rubani, safari hii tupigane tusife. Kumbe yule fundi wa kisiwani, aliyekuwa na kila sababu ya kumchukia, kaiwekea ile ndege kiti cha kuruka na kamwambia ishi. Nilikuwa nimejiandaa kulia mtu akifa nikalia mtu akiishi. Kwa hiyo babu wa 1954 anasema kuna ujuzi ambao lazima ufe na mwenye nao, mjukuu wa 2023 anasema babu samahani, tumezikana vya kutosha. Mi siwezi kukwambia nani ana haki. Nimelifikiria hili nikiwa kwenye daladala, nikiwa nafua, na kila siku nahamia upande.

Mapungufu yapo, tusipambe. Ya zamani ina mapenzi ya watu watatu ambayo hayana joto lolote, Emiko na mpenzi wake, kijana mmoja wa kazi za baharini, ni kama wanasomeana barua ya ofisi. Katikati kuna vikao vingi, ingawa kimoja nakipenda sana, bungeni wanabishana watangaze ukweli kuhusu mionzi au wafiche kwa ajili ya uhusiano na nchi za nje, na wanawake mle ndani wanapandisha sauti kwamba ukweli ni ukweli utangazwe. Mwaka 1954 hiyo. Na kuna mama kakumbatia watoto wake chini ya jengo linaloungua anawaambia tunakwenda kuungana na baba yenu, kwa mtazamaji wa leo ni sekunde kumi za kumvunja, watoto wadogo nisingewawekea.

Minus One kosa lake ni kelele za hisia. Mtu akiwa na uchungu lazima apige ukunga, apige magoti, aeleze uchungu wake kwa mdomo na sisi tumeshauona usoni. Noriko mwigizaji ni mzuri ila stori imemfanya awe sababu ya mwanaume kuumia, ningependa nimjue zaidi, binti aliyebeba mtoto wa mtu katika njaa ile ana stori yake nzima hapo. Na yale ya mwisho kabisa hospitalini wengine wanasema yamelazimishwa. Mi sikubaliani nao, angalia shingo ya Noriko vizuri kabla ya kusema ni mwisho wa raha.

Sasa chagua. Kama nyumbani kuna watu mchanganyiko, wadogo zako wa sekondari, shemeji, mtu anayeingia na kutoka, weka Minus One, inawashika wote, hata mdogo wangu ambaye muvi ya maandishi chini huwa hamalizi hii aliimaliza akasahau chakula. Kama uko peke yako au na mtu mmoja mnayeweza kukaa kimya pamoja, ya 1954, taa zima, simu weka mbali. Kama nyeusi na nyeupe zinakuchosha usijilazimishe kuanza na ya zamani, utalala, utasema ni mbaya, na utakuwa umeikosa bure. Anza na mpya, ikikuuma subiri siku mbili tatu kisha nenda nyuma. Lakini kama unaweza kabisa kufuata mpangilio, ya zamani kwanza, ndo ule muziki wa Ginza niliosema utakupiga kama ulivyonipiga mimi. Na kwa usiku mmoja tu, moja tu, mi mwenyewe nachukua ya 1954. Sio kwa kuwa ni ya zamani. Waliotengeneza ile walikuwa wanaongelea kitu kilichowatokea mwaka ule ule, samaki wenyewe walikuwa wamefukiwa juzi, na kitu hicho kinasikika kwenye kila picha, Yamazaki na ufundi wake wote hana njia ya kukipata.

Angalizo la kutafuta. Ya 1954 ina ndugu yake wa Kimarekani wa 1956, dakika kama 80, wamemchomeka mwigizaji Raymond Burr kama mwandishi wa habari anayesimulia, na maneno mengi ya bomu wamekata. Ukiona Mzungu anaongea mwanzoni, zima, sio yenyewe. Tafuta ya Kijapani ya dakika 96. Minus One nayo walitoa toleo la nyeusi na nyeupe Januari 2024, ni zuri, ila kwa mara ya kwanza chukua ya rangi, ile bahari ya buluu usiikose. Na usisubiri za kusimuliwa na DJ. Nawapenda madijei wetu wamenilea, lakini hizi zina ukimya mwingi ambao ni sehemu ya stori, mtu akiongea juu yake umeibiwa.

Minus One nayo Baba tuliicheki wote. Ile boti ya mbao wanayotegulia mabomu ya baharini alitaka kujua kwa nini mbao na meli za chuma zipo, nikamwambia mabomu yale yanalipuka yakihisi chuma, akatikisa kichwa akacheka, "Mbao haina kelele." Akamsifia nahodha, akasema yule kijana wa kwenye ndege mama yake angefurahi. Nikamuuliza basi Jumamosi wakija wajukuu tuweke ipi kati ya hizi. Akasema wajukuu wawekewe hiyo ya rangi, yeye wakishalala nimwekee ya wale wavuvi.